Maji ya kisima yenye chumvi na nywele za mabinti zangu: naosha vipi?

BabaWawili, Jumapili usiku

Assalaam aleikum wanajamvi, habari za usiku.

Naomba msaada kwa wanaojua, hasa akina mama na wasusi. Mke wangu yuko masomoni Dodoma tangu mwezi wa 10. Nimebaki na mabinti wawili hapa Mwambani, Tanga, mmoja ana miaka 8 na mwingine miaka 4. Kupika napika, kufua nafua, madrasa nawapeleka na kuwarudisha. Kilichonishinda ni vichwa vyao.

Wana nywele nyingi, nzito, za kipilipili, wamemfuata mama yao. Yeye alikuwa akiwaosha kila Jumamosi na kuwasuka siku hiyo hiyo, nami sikuwahi kukaa nikatazama anafanyaje. Bomba halijafika kwangu, tunachota kisima cha jirani, na maji yake ukiyatia mdomoni unaisikia chumvi. Nimekuwa nikiwaosha kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Povu halitoki. Nasugua, naongeza sabuni, nasugua tena, na mwisho wake nywele zinabaki na utando mweupe unaonata. Zikikauka ukizishika ni kama umeshika katani.

Jana nilimchana mkubwa baada ya kumwosha. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jino la kitana likakatikia kichwani, na nywele zilizotoka zilijaa kiganja. Usiku mama yake alipopiga simu nilishindwa kumwambia. Imeniuma sana.

Naombeni mnieleze tangu mwanzo, kama mtu asiyejua kitu. Niwaoshe mara ngapi? Sabuni gani? Nichane kabla au baada? Mafuta yaende saa ngapi? Halafu mdogo ana vitu vyeupe kama unga juu ya sikio la kulia, sijui ni uchafu ambao sijausugua vizuri. Shuleni mkubwa anaruhusiwa twende kilioni tu, na juu anavaa hijabu kuanzia alfajiri mpaka jioni ya madrasa.


MtuWaDuga

Pole sana kaka. Mimi wangu watatu niliwanyoa wote walipoanza shule na mambo yakawa mepesi. Kichwa kinaoshwa kwa kopo moja la maji. Nywele zinaota, mama yao akirudi atazikuta.


BabaWawili

Ahsante ndugu yangu. Hilo nililiwaza wiki ya kwanza. Lakini mkubwa kanisihi, anasema mama alimwachia nywele azitunze mpaka arudi. Siwezi kuzikata.


Msusi_Ngamiani

Wa aleikum salaam baba. Pole, na umefanya vyema kuuliza. Mimi ni msusi hapa Ngamiani. Nilianza kusuka watu barazani kwa mama yangu mwaka 1994, na mpaka leo ndiyo kazi inayonilisha. Vichwa vya watoto wa maji ya visima nimevishika vingi, wa Mwambani, wa Tongoni, wa Chongoleani. Hayo uliyoyaeleza nayajua kwa mikono.

Kwanza kabisa, sabuni ya mche iache kwenye nguo. Kwenye maji ya chumvi sabuni ile haiishi kutoka. Inagandana na maji na kubaki kichwani, ndiyo huo utando. Kila ukiongeza sabuni unaongeza utando. Kwa hiyo hukuwa umesugua kidogo, baba, ulikuwa unampaka mtoto kitu kisichosuuzika. Nunua shampuu ya kawaida, ya bei yoyote unayoimudu, na kondishena. Shampuu inatoa povu hata kwenye maji ya kisima.

La pili, na hili nalisema kwa kila mama anayekaa kwenye mkeka wangu: unachoosha ni ngozi ya kichwa. Jasho liko kwenye ngozi, mafuta yako kwenye ngozi, vumbi la uwanjani limeshuka likakaa kwenye ngozi. Nywele zenyewe hupata povu linaloteremka wakati wa kusuuza, na hilo linazitosha. Ukizikusanya zote utosini ukazifikicha kama unafua soksi, unazifunga mafundo. Kuna binti aliletwa kwangu akiwa na fundo kisogoni kubwa kama chungwa, shangazi yake alikuwa akimwosha kwa kufikicha. Watu wawili walishamwambia akate. Nilikaa naye baada ya adhuhuri, na mafuta ya nazi na sindano butu ya kufumia, uzi mmoja mmoja. Adhana ya magharibi ilinikuta ndiyo kwanza namaliza. Hakupoteza hata robo ya nywele zake. Tangu siku hiyo mimi sikubali mtu aniambie kichwa kimeshindikana.

Sasa sikiliza ninavyofanya mimi.

Kazi inaanza Ijumaa usiku. Fumua misuko yote, usifumue kwa kuvuta, tumia mkia wa kitana. Nywele zitakazotoka ni zile zilizokufa zikabaki zimeshikwa ndani ya msuko, usishtuke. Mimina mafuta ya nazi kiganjani, kijiko kimoja cha chakula kwa mkubwa na nusu yake kwa mdogo, uyapitishe kwenye nywele na hasa nchani. Mafuta haya ya nazi yanaingia ndani ya unywele wenyewe, hayakai juu tu, kwa hiyo kesho yake nywele hazinywi maji kupita kiasi. Halafu chambua kwa vidole. Vidole vinaliona fundo kabla hujalivuta, kitana hakioni. Gawa kichwa mafungu manne, mkubwa kama ana nywele nzito mfanyie sita, kila fungu ulisokote kamba moja nene uliache. Mfunge kitambaa alale.

Jumamosi asubuhi, si jioni. Sababu nitakwambia.

Usimwinamishe kwenye ndoo. Mtoto akiinama maji yanamwingia machoni na puani, ndipo anaposhtuka na kujitoa. Mlaze chali kwenye benchi, shingo umwekee taulo lililokunjwa, kichwa kitokeze nje ya benchi na beseni liwe chini kwenye sakafu. Mpe kitambaa kikavu aushike uso wake mwenyewe. Akiwa yeye ndiye anayejifunika macho anatulia. Maji yawe ya uvuguvugu, ujaribu kwenye kifundo cha mkono.

Mwagia kwa kopo, taratibu, na mkono mwingine ukibonyeza. Nywele za kipilipili mwanzo huyakataa maji, yanateleza juu, na mtu anadhani zimelowa kumbe ngozi bado kavu. Ingiza vidole mpaka uisikie ngozi imelowa. Shampuu usimwage moja kwa moja kichwani. Chukua kikombe, weka kijiko kimoja cha shampuu, ongeza maji nusu kikombe, koroga. Hii utaimimina katikati ya mafungu na itafika kwenye ngozi bila kuganda sehemu moja.

Sugua kwa nyama za ncha za vidole. Kucha ziwe fupi, wala zisiguse. Anza kisogoni, kwa sababu mtoto wa hijabu jasho lake linakaa kisogoni. Nenda nyuma ya masikio, panda kwenye mapanja ya uso, malizia utosini. Usizifungue zile kamba ulizosokota. Zikae hivyo hivyo, mikono yako ipite katikati yake kwenye ngozi tu. Dakika tatu au nne zinatosha. Suuza, kisha rudia mara ya pili. Mara ya kwanza povu litakuwa chache kwa sababu ya mafuta ya usiku na uchafu wa wiki, mara ya pili utaliona limejaa.

Kusuuza ndipo watu wengi wanapokosea. Anaona povu limeisha juu, anaacha, kumbe chini bado kunateleza. Mwagia mpaka maji yanayodondokea kwenye beseni yawe meupe kama yalivyotoka ndooni. Na hapa nakuomba utafute maji mengine. Osha kwa maji ya kisima, lakini suuza ya mwisho kwa maji ya bomba. Mwenye mkokoteni akipita nunua dumu la lita 20, linawatosha wote wawili. Na vuli hii ikinyesha, kinga. Acha mvua ioshe bati kwanza, robo saa hivi, ndipo utege ndoo. Maji ya mvua kwa nywele hayana mfano.

Kondishena inapakwa kwenye nywele, kuanzia katikati kwenda nchani. Kwenye ngozi hapana, inaziba na kuwasha. Sasa ndipo unapochana, zikiwa zimelowa na zinateleza. Nunua chanuo lenye meno mapana, la mbao au la plastiki, usirudie kile kitana. Fungua fungu moja tu, mengine yabaki yamesokotwa. Shika nywele kwa mkono wa kushoto juu kidogo ya pale unapochana, ili ukivuta usivute ngozi. Anzia nchani, ikipita panda kidogo, ikipita panda tena. Unayeanzia juu unayasukuma mafundo yote chini yakawe fundo moja. Hivyo ndivyo jana ulivyomliza, baba. Lisokote tena fungu hilo, nenda la pili. Ukimaliza, suuza kondishena.

Kukausha: chukua fulana kuukuu ya pamba, funika, bonyeza. Usifikiche kwa taulo. Waache wacheze kwenye kivuli na upepo mpaka ziwe na unyevu kidogo tu, paka mafuta kiasi cha kulainisha vidole, ndipo usuke au uwapeleke wakasukwe. Na hii ndiyo sababu ya asubuhi: ukiwaosha jioni watalala na nywele mbichi, au utasuka zikiwa mbichi, kesho hijabu juu yake kwa muda wa saa kumi. Kichwa kitanuka uvundo na kuwasha. Watoto wengi wanaoletwa kwangu wanajikuna, wengi wao ni hilo.

Mdogo mwoshe kila wiki. Mkubwa akiwa amesukwa, msuko usizidi wiki mbili. Katikati hapo akitoka jasho sana unaweza kumwosha na misuko yake: ile shampuu ya kikombe uimimine kwenye njia za msuko, sugua njia kwa vidole, suuza sana, kausha vizuri.

Na atakayemsuka mwambie asivute. Ukiona vipele vidogo pembeni mwa uso siku ya pili, au mtoto anashindwa kufumba macho vizuri, fumua siku hiyo hiyo. Nywele za mbele zikishang'oka miaka mingi hazirudi kirahisi. Ninao wanawake wazima wanaokuja kwangu na mapanja yametoka, wamevutwa tangu utotoni, na siku hizi sina cha kuwafanyia. Linanisikitisha kila nikiwaona.

Juu ya ule unga wa mdogo sitasema, anayejua ngozi aseme. Ila kitana cha mdogo na cha mkubwa vitenge leo leo.


BintPangani

Dada kasema kweli tupu. Mimi naongeza la kwetu Pangani: tui la nazi. Bibi yangu alikuwa akikuna nazi mbili, anakamua tui zito bila maji, anatupaka tunakaa nalo juani saa nzima. Tulikuwa na nywele mpaka mabegani, na shampuu hatukuijua.


Msusi_Ngamiani

Bint Pangani, tui silikatai mama, nami nimekuzwa nalo. Ila lichujwe kwa kitambaa mara mbili, maana chicha likishaingia kwenye kipilipili utalichambua wiki nzima. Na lipakwe kabla ya kuosha, kisha lioshwe likatoke kabisa kwa shampuu. Tui likibaki kichwani kwa joto letu hili linachacha siku hiyo hiyo. Huyu baba ana watoto wawili na mikono miwili, mafuta ya nazi ya chupa yanamtosha.


MwalimuWaMuheza

Habari zenu. Mimi nafundisha kemia sekondari, naomba nieleze kidogo kwa nini sabuni ya mche inakataa, kwa sababu ukishajua sababu hutahangaika kubahatisha.

Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji kwenye mawe hayo hayo ya chokaa. Maji ya kisima yanapopita humo huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu, na karibu na bahari yanachanganyika pia na chumvi. Sabuni inayotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda ikikutana na kalsiamu hugeuka kuwa kitu kisichoyeyuka, cheupe, chenye kunata. Ndicho mnachokiona kwenye kingo za beseni la kufulia. Shampuu imetengenezwa kwa namna nyingine, haigandi na kalsiamu, kwa hiyo inasuuzika. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, ndiyo maana dada Msusi anayataka kwa suuza ya mwisho.

Kama siku hiyo huna maji mengine, chemsha ya kisima, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina ya juu. Ule ukoko mweupe unaobaki chini ya sufuria ni chokaa iliyotoka. Chumvi ya bahari haitoki kwa kuchemsha, lakini sehemu ya chokaa inapungua na kazi inakuwa nyepesi.

Na neno lenyewe shampuu limetoka India, kwenye neno la Kihindi lenye maana ya kukanda na kubonyeza. Kwa hiyo dada anaposema kazi ni ya ncha za vidole kwenye ngozi, jina la kitu chenyewe linasema hivyo hivyo.


BabaWawili

Shikamoo mama Msusi. Nimesoma maelezo yako mara tatu na nimeyaandika kwenye daftari. Mwalimu nawe ahsante, nimelikumbuka beseni langu la kufulia, lina ule utando kingoni.

Nina maswali mawili ya haraka. Kazini kuna mzee kaniambia niweke magadi kidogo kwenye maji ili yalainike. Mwingine kasema nikamulie ndimu. Lipi sahihi?


MwalimuWaMuheza

Magadi hapana. Ni kweli yanafanya sabuni itoe povu, mama zetu wanayatumia kwa nguo. Lakini ngozi ya kichwa na nywele vinapenda uchachu kidogo, kati ya 4.5 na 5.5 kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi. Sabuni ya mche yenyewe iko 9 hadi 10, na magadi yanazidi hapo. Unywele ukiwa kwenye hali hiyo magamba yake ya nje yanafunguka, unakwaruzana na mwenzake, unafungana na kukatika.

Ndimu wazo lake si baya, uchachu unaondoa utando. Tatizo ni jua. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha mtoto akakaa juani, ngozi inababuka na kuacha alama nyeusi za wiki nyingi. Nimeliona kwa mwanafunzi aliyekuwa akikamua ndimu za kuuza ufukweni. Tumia siki ya kawaida ya dukani, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji, baada ya shampuu na kabla ya kondishena, kisha suuza. Mara moja tu sasa hivi kuondoa huo utando wa zamani, baada ya hapo huenda usiihitaji tena. Macho yafunikwe vizuri.


Msusi_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Siki ndiyo, hata mimi natumia kwa wanaokuja na utando. Kijiko kimoja, usizidishe kwa kuona mtoto ana nywele nyingi.


NesiMstaafu

Kaka, mimi nimestaafu unesi, nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi. Nasimama kwenye ule unga juu ya sikio la kulia.

Umesema ana miaka 4. Mba tunayoizoea sisi watu wazima si ya kawaida kwa mtoto wa umri huo, kwa sababu fangasi wanaoisababisha wanaishi kwa mafuta ya ngozi ya kichwa, na mafuta hayo huongezeka mtoto akianza kubalehe. Kwa hiyo unapoona magamba kichwani kwa mtoto mdogo, tena upande mmoja, kwanza hakikisha kama si mapunye. Inawezekana ni utando wa sabuni tu. Lakini mpeleke juani, tenga nywele, angalia: je, pana duara? Nywele za hapo zimekatika karibu na ngozi, zimebaki kama vidoti vyeusi? Shingoni nyuma au nyuma ya sikio kuna tezi limevimba? Anajikuna hapo hapo kila mara? Ukiona hata moja katika hayo, nenda naye kituo cha afya.

Nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona wazazi wengi wakisugua mapunye kwa ndimu, kwa mswaki, kwa mafuta ya taa, mpaka mtoto anatoka damu, na bado hayaishi. Hayawezi kuisha kwa kusugua. Fangasi wa mapunye wanaingia ndani ya shina la unywele, na dawa ya kupaka haifiki huko. Anahitaji dawa ya kumeza atakayopewa na daktari kwa uzito wake, mara nyingi griseofulvini, na anameza wiki 6 mpaka 8. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au wali wa nazi, inafyonzwa vizuri zaidi. Msiache njiani mkiona magamba yametoka. Shampuu yenye ketokonazo, dawa ya fangasi, inasaidia kupunguza kuambukiza wengine, si kuponya peke yake.

Na wakati huo kitana, kofia, hijabu, mto, kila mtoto na chake. Vitana vilowekwe kwenye maji ya moto na sabuni. Mkubwa naye aangaliwe kichwa.

Wala usijilaumu. Mapunye si uchafu wa mzazi, watoto wanaambukizana shuleni na mitaani.


BabaWawili

Nimemtazama sasa hivi kwa tochi ya simu. Pana duara, kama sarafu ya shilingi mia. Na vidoti vyeusi vipo. Kesho asubuhi naomba ruhusa kazini.


NesiMstaafu

Umefanya vizuri. Nenda mapema, na umwambie daktari kwamba dada yake analala naye kitanda kimoja, kama ndivyo.


BabaWawili, Jumamosi usiku, wiki iliyofuata

Assalaam aleikum. Narudi kutoa taarifa maana mlinishika mkono.

Mdogo ni mapunye kweli. Amepewa dawa ya kumeza, anameza baada ya chakula cha mchana, na nimempa mto wake na kitana chake. Mkubwa ameangaliwa, hana kitu.

Jana usiku nilifumua. Ilichukua saa nzima na dakika ishirini. Mafundo mawili nyuma yalikuwa magumu, nikakumbuka yule binti wa fundo la chungwa, nikatulia, nikaongeza mafuta, yakafunguka. Leo saa tatu asubuhi nilinunua dumu mbili za maji ya bomba kwa mwenye mkokoteni. Chanuo nimelipata Mgandini. Nikatoa benchi la barazani nikaliweka kwenye kivuli cha mwembe.

Nilianza na mkubwa. Nilipoweka vidole kisogoni akasema, "Baba, mama naye huanzia hapo hapo." Sikumjibu, nikaendelea. Povu la pili lilijaa kama alivyosema mama Msusi. Nilimimina siki ya mwalimu, kijiko kimoja, na ule utando niliusikia unaondoka mikononi, nywele zikawa zinateleza. Wakati wa kuchana alikaza mabega akisubiri maumivu. Nikaanzia nchani. Fungu la pili mabega yakashuka, fungu la tatu akawa ananihadithia habari za shule. Kwenye chanuo zilitoka nywele chache, za kuhesabika.

Mdogo alilala usingizi pale pale kwenye benchi, kitambaa usoni, nikamsuuza akiwa amelala.

Jioni mama yao alipiga simu ya video. Mkubwa akavua mtandio akamwonyesha. Mama yake akaangalia kimya, kisha akauliza nimewapeleka kwa nani. Nikamwambia nimeosha mimi, na ya wiki iliyopita nikamweleza yote, kilio na jino la kitana.

Mama Msusi, kusuka nimempeleka kwa jirani safari hii. Lakini nataka kujifunza na hilo. Nimejaribu kwenye kichwa cha mdogo, mistari inapinda. Twende kilioni naanza kutenga wapi?


Msusi_Ngamiani

Alhamdulillahi. Umenifurahisha baba, nimemsomea mwanangu taarifa yako yote.

Huyo mdogo usimsuke kwa sasa, mwache na mafungu yake yaliyolegea mpaka dawa iishe, sehemu yenye mapunye haitaki kuvutwa. Jifunzie kwa mkubwa. Anza na mstari wa katikati, kutoka katikati ya paji, ushuke utosini mpaka kisogoni, kwa mkia wa kitana, na nywele ziwe na mafuta kidogo ili mstari uonekane. Simama nyuma yake kabisa, usisimame ubavuni, ukisimama ubavuni ndipo unapopinda. Kisha kila upande utenge mistari miwili tu ya kwanza, minene. Myembamba itakuja baadaye. Ukikwama njoo nao Alhamisi baada ya alasiri, siku hiyo sina watu wengi, ukae kwenye kigoda changu uone mikono inavyokwenda.